Unaishi Naye Kinyumba? Panga Karatasi Zako Mapema

Shangazi yangu aliingia kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni na bahasha ya kaki iliyotuna. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo, kadi mbili za kliniki, picha za ubatizo wa mtoto wa mwisho, risiti za mabati na kitambulisho chake cha NIDA. Marehemu alikuwa dereva wa lori, na walikuwa wameishi pamoja miaka 11. Kijana wa dirishani alimwamkia vizuri, akapokea karatasi moja moja, akaandika jina la marehemu kwenye kompyuta, akasoma.

"Cheti cha ndoa, mama?"

Shangazi akasema hawakuwahi kufunga, ila mtaa mzima unamjua. Kijana akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta maneno.

"Hapa alipojiandikisha aliandika hajaoa. Na mtegemezi aliyemtaja ni mama yake mzazi."

"Mama yake tulimzika mwaka juzi, mwanangu."

"Pole sana, mama."

Ndivyo tulivyotoka, na bahasha yetu ikiwa nzito vilevile. Kwa muda mrefu nilimkasirikia yule kijana, kisha nikaelewa kwamba hakutukosea. Mfanyakazi wa mfuko wa pensheni hana mamlaka ya kutangaza nani alikuwa mke wa nani. Mwenye mamlaka hayo ni hakimu. Sheria ya Tanzania ina mlango kwa watu wanaoishi kinyumba, tena mlango mpana kuliko wengi wanavyodhani, lakini uko mahakamani, na funguo zake ni karatasi na mashahidi. Anayezitafuta funguo hizo baada ya msiba huzitafuta akiwa analia, huku wakwe wakihesabu vyombo. Kwa hiyo mengi ya mwongozo huu yanawahusu nyinyi ambao bado mko hai wote wawili.

Kifungu cha 160

Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kifungu cha 160, inasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba walioana ipasavyo. Wanasheria huiita dhana ya ndoa. Ni dhana, maana yake inaweza kukanushwa: upande wa pili ukileta ushahidi kwamba haikuwa ndoa, inaanguka.

Watu wengi wameshika nusu ya kifungu hicho. Wanasema, "Miaka miwili imepita, basi mimi ni mke wake." Miaka 2 peke yake haitoshi. Hakimu huuliza vitu viwili kwa pamoja: muda, na sifa mliyokuwa nayo machoni pa watu. Unaweza kuwa na mtu miaka 7 akija Ijumaa na kuondoka Jumapili, nguo zake ziko kwa dada yake, na majirani wanamwita "yule mgeni wako". Hapo muda upo ila sifa haipo. Mwingine ana miaka 3 tu, lakini jumuiya ya kanisa inasali kwao, mwenye nyumba anamdai kodi yeyote kati yao, na mjumbe akipitisha mchango wa msiba anaandika majina yao mstari mmoja. Huyo wa pili ana kesi nzuri zaidi.

Lugha yetu yenyewe haiwasaidii watu hawa. Aliyefunga ni mke, basi. Asiyefunga, kulingana na hasira za msemaji, ni mchumba, mzazi mwenza, kimada au hawara. Kwenye kikao cha ukoo neno moja kati ya hayo linaweza kumtoa mtu chumbani. Kifungu cha 160 hakijali uliitwaje na wifi, kinajali mlivyoishi.

Kipo kizuizi kikubwa ambacho lazima ukijue mapema hata kama kinauma. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 15, inamkataza mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine wakati ile ya kwanza bado ipo. Mwanamke mwenye mume naye hawezi kuolewa tena. Kwa hiyo kama mwenzako alifunga ndoa kanisani mwaka 1998, wakaachana kwa maneno tu bila talaka ya mahakama, yeye bado ana mke. Miaka yenu 15 haiwezi kugeuka ndoa kwa dhana, kwa sababu hata mngekwenda kwa msajili asingewafungisha. Nimeona wanawake wazima, wenye akili zao, wakigundua jambo hili siku ya kwanza mahakamani, pale mtu wasiyemfahamu aliposimama na cheti mkononi. Muulize mwenzako leo: uliwahi kufunga? Ulipata talaka? Iko wapi karatasi yake?

Dhana ikikanushwa, bado si mwisho wa mambo. Kifungu kidogo cha pili cha kifungu cha 160 kinampa mwanamke aliyeishi hivyo miaka 2 au zaidi haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na kinairuhusu mahakama kutoa nafuu nyingine kama zile zinazotolewa ndoa inapovunjwa. Mahakama ya Rufani ilikifafanua katika shauri la Hemed Tamim dhidi ya Renata Mashayo, lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za Tanzania za 1994: hata dhana ya ndoa ilipoanguka, nyumba waliyoipata wakiishi pamoja iliweza kugawanywa. (Sheria imemtaja mwanamke peke yake kwenye matunzo. Mwanaume anaweza kuitumia dhana ya ndoa yenyewe kama mwanamke, ila kwenye fungu hili la pili maneno ya sheria hayakumtazama yeye.)

Dirisha la mfuko linataka nini

Mwajiriwa wa sekta binafsi yuko NSSF. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya 2018 iliyounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kote kuwili mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Tofauti ni namna mwajiri na mfanyakazi wanavyogawana mzigo. Ili mtu apate pensheni kamili ya uzeeni anahitaji kuwa amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Akifariki kabla au baada ya kustaafu, kuna mafao yanayokwenda kwa walioachwa, wa kwanza wakiwa mjane au mgane, na watoto.

Soma tena: mjane au mgane. Mtu unayeishi naye tu hayumo kwenye orodha. Ndiyo maana dirisha linauliza cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Huna cheti cha ndoa? Basi unahitaji karatasi nyingine yenye uzito uleule, nayo ni uamuzi wa mahakama unaokutambua. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri wa kupeleka kwa hakimu, lakini haimlazimishi mtu wa mfuko kukulipa. Kiapo chako mwenyewe kwa wakili vilevile. Watu hutumia pesa nyingi kwenye viapo na mihuri, kisha hushangaa dirishani wakiambiwa bado.

Watoto hali yao ni nafuu. Fungu la mtoto ni lake, halipiti kwa mama yake, wala halitegemei kama wazazi walifunga. Kinachohitajika ni cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Hapa ndipo uzembe mdogo unapogeuka hasara kubwa. Mtoto kazaliwa, baba yuko safarini, mama anaandikisha peke yake na nafasi ya baba inabaki wazi, wakisema watarekebisha. Kwa watoto ambao wazazi hawajaoana, jina la baba linahitaji ushiriki wake, na akishafariki kulirudisha jina hilo ni safari ya mahakamani, pengine na kipimo cha vinasaba. Kama kuna cheti kabatini chenye nafasi iliyo wazi, nendeni kwa wakala wa usajili, RITA, au ofisi ya wilaya pamoja, wote wawili, mwezi huu.

Ndoa ya bomani, kama mnaweza

Nitasema ninavyoona, msinielewe vibaya: kama hakuna kizuizi, fungeni. Wengi hawajafunga kwa sababu wanaisubiri sherehe. Mahari haijaisha, kamati haijakaa, ukumbi ni ghali, na miaka inakwenda. Sheria haidai ukumbi. Inadai taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla kwa msajili au mfungishaji, ridhaa ya wote wawili, na mashahidi wasiopungua 2. Katika wilaya nyingi msajili yuko kwa Mkuu wa Wilaya. Sherehe mtaifanya mkijaliwa, hata wajukuu wakiwa ndio wasimamizi.

Kuna wale ambao mahari ilikwishatolewa na wazee wakala ugali pamoja, ila hakuna aliyeandikisha. Hiyo si kuishi kinyumba. Inaweza kuwa ndoa kamili ya kimila, na sheria inataka ndoa ya mila iandikishwe ndani ya siku 30. Kuchelewa hakuiui ndoa, lakini kunakuacha mikono mitupu dirishani. Watafuteni wazee waliokuwapo siku ile, maana nao wanazeeka, mwende nao kuandikisha.

Na kama hamfungi, kwa sababu zenu

Anzeni na fomu za kazini. Mtu akiajiriwa akiwa na miaka 24 anajaza kwamba hajaoa, anamwandika mama yake, na hafungui tena faili hilo mpaka anazikwa. Fomu hiyo ndiyo ya kwanza kusomwa. Mwenzako aende kwa afisa utumishi na kwenye mfuko ahuishe taarifa: jina lako, uhusiano, namba yako ya NIDA, watoto wote. Kukuandika hakukufanyi mke kisheria, na mfuko bado unaweza kudai uthibitisho. Lakini hakimu akiona mwenye mali mwenyewe, kwa mkono wake, aliandika "mke" miaka 5 kabla ya kufa, shemeji anayesema "hatumjui huyu" atakuwa na kazi ngumu. Kinyume chake ndicho kilichompata shangazi: neno "hajaoa" likamsubiri kwenye kompyuta miaka yote ile.

Bima ya afya nayo ina orodha ya wategemezi. Kama uko kwenye kadi ya mwenzako kama mwenza, tunza nakala ya fomu iliyojazwa. Vivyo hivyo mkataba wa pango wenye majina mawili, kadi ya kliniki aliyoandikwa baba, fomu ya shule, cheti cha ubatizo chenye majina ya wazazi, kadi ya mwaliko iliyoandikwa "Bwana na Bibi". Karatasi hizi hazina thamani yoyote dukani, ila zikifungwa pamoja zinajenga ile sifa ambayo kifungu cha 160 kinaitafuta. Piga picha kila moja uweke kwenye barua pepe yako au kwa ndugu yako wa upande wako, kwa sababu bahasha inaweza kupotea wiki ya msiba, na hupotea.

SACCOS, bima ya maisha na baadhi ya vikundi vya kuweka na kukopa vina fomu ya mnufaika, nazo ni rahisi kuliko pensheni kwa sababu mwanachama anaweza kumtaja anayemtaka. Jazeni. Angalieni pia jina lililopo sasa. Nimewahi kuona bima ya mtu ikiwa bado na jina la mchumba wa chuoni. Akaunti ya benki ni jambo jingine. Yule ndugu wa karibu unayemtaja kwenye fomu ya benki au ya laini ya simu ni mtu wa kupigiwa. Kumtaja hakumfanyi mrithi. Mwenye akaunti akifa, pesa hukaa hapo mpaka msimamizi wa mirathi aje na barua ya mahakama. Kwa ada za shule na chakula, wekeni akiba fulani kwenye akaunti ya majina mawili ambayo yeyote anaweza kusaini.

Kisha wosia. Pensheni ya kila mwezi hairithishwi kwa wosia, kwa kuwa sheria imeshataja wanaoipata. Wosia unagusa vile vingine: nyumba, shamba, pikipiki, ng'ombe, pesa benki. Kwa mtu ambaye sheria haimtambui kuwa mwenza, wosia ndio njia ya moja kwa moja kabisa ya kuachiwa kitu. Kwa anayefuata mila na anayejua kusoma, uwe wa maandishi, wenye tarehe na saini, ushuhudiwe na watu wasiopungua 2 wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi 4. Asiyepaswa kushuhudia ni yule anayeachiwa mali. Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa asiye mrithi, na kwa mwenza ambaye hakuna nikahi kati yao theluthi hiyo ndiyo nafasi yake. RITA wanaandika na kuhifadhi wosia, na hapo shemeji hafiki kirahisi na kiberiti.

Nyumba na kiinua mgongo

Mkiachana mkiwa hai, usitegemee mahakama ikukatie kipande cha pensheni ya mwenzako ambayo bado haijalipwa. Sheria za hifadhi ya jamii zinazuia mafao kuhamishiwa mtu mwingine. Lakini kiinua mgongo kikishageuka tofali, mambo yanabadilika. Nyumba iliyojengwa mkiwa pamoja inaweza kugawanywa, na mchango wako si lazima uwe fedha.

Hilo la mwisho lilitoka kwenye shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Watu hulitaja shauri hilo kama ushindi, na kwa wanawake wengine lilikuwa hivyo. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alikuwa amezitumia vibaya. Kanuni ikabaki, yeye akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo weka kumbukumbu. Risiti ya saruji yenye jina lako, muamala wa simu kwenda kwa fundi, daftari la mradi wa kuku uliolipia madirisha. Kama kiwanja bado hakijapimwa, karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa iwe na majina yenu wote wawili na picha zenu. Kama kuna hati, jueni kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inatofautisha umiliki ambao mmoja akifa sehemu yake humwangukia mwenzake, na umiliki wa kila mtu na fungu lake. Ule wa kwanza umewekwa kwa ajili ya wanandoa. Nyinyi msiofunga mtapata ule wa pili, kwa hiyo fungu la marehemu litakwenda kwa warithi wake, na unaweza kujikuta unamiliki nyumba nusu kwa nusu na mkweo. Dawa yake ni wosia unaokuachia fungu hilo. Na kwa yule mwenye kizuizi cha ndoa ya kwanza, ambaye mlango wa dhana ya ndoa umefungwa, jina kwenye hati na risiti za mchango ndizo ngao zake; hapo atadai kama mmiliki mwenza, bila kuhitaji kuitwa mke.

Nje ya Tanzania Bara

Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Kule mfuko ni ZSSF na mambo mengi ya ndoa na mirathi ya Waislamu yako kwa Kadhi. Asikudanganye mtu na miaka miwili.

Kenya haina kifungu kama chetu. Dhana ya ndoa kule imejengwa na majaji, na Mahakama ya Juu ilibana nafasi yake tarehe 27 Januari 2023 katika shauri la MNK dhidi ya POM. Ilitaka kuwe na muda mrefu wa kuishi pamoja, watu wenye uwezo wa kisheria wa kuoana, nia na ridhaa ya kuoana, na kujitambulisha kwa watu kama wanandoa, na mzigo wa kuthibitisha ukamwangukia anayedai. Katika shauri lenyewe dhana ilikwama kwa kuwa mwanamke alikuwa na ndoa nyingine, lakini majaji waligawa nyumba kwa michango, asilimia 70 kwake na 30 kwa mwanamume. Kuhusu pensheni, sheria ya Kenya inasema mafao ya skimu hayaingii kwenye mirathi. Wadhamini hulipa kwa kanuni za skimu, wakiitazama fomu ya uteuzi. Mkenya anayeishi kinyumba akiahirisha mambo mengine yote, fomu hiyo asiiahirishe.

Kwa ndugu walioko Uingereza, mambo ya fomu yalifika hadi Mahakama ya Juu ya huko. Mwanamke mmoja wa Ireland ya Kaskazini aliishi na mwenzake miaka 10. Mwanamume alifariki ghafla Desemba 2009, siku mbili baada ya kuvishana pete ya uchumba, na skimu ya pensheni ya serikali za mitaa ikamnyima mwanamke pensheni kwa sababu fomu ya kumteua haikupatikana. Alishinda Februari 2017. Ilimchukua zaidi ya miaka 7 kwa karatasi ya ukurasa mmoja.

Msiba ukishatokea

Ukiwa umefika hapa bila kuwa na maandalizi yoyote, usikate tamaa, ila usilale.

Usiondoke nyumbani. Watakwambia uende kwenu upumzike kidogo. Ukirudi utakuta kufuli jipya. Usimkabidhi mtu yeyote cheti cha kifo, kadi ya mfuko au hati halisi bila kubaki na nakala. Hudhuria kikao cha ukoo hata kama hukualikwa, na wakikataa kukutambua omba muhtasari uandike kwamba ulidai na ulikataliwa. Wakikataa hata hilo, andika barua yako siku hiyohiyo, upeleke kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri wa kupokea.

Peleka barua nyingine kwenye mfuko na kwa mwajiri: eleza kwamba wewe ni mdai, watoto ni hawa, na shauri linakwenda mahakamani. Barua hiyo haikulipi, ila inamfanya mlipaji asite. Kama kifo kilitokana na kazi, kama ajali ya barabarani akiwa safari ya kikazi, kuna dai la pili kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambalo familia nyingi hazilijui. Dai hilo nalo lina muda wake, usichelewe.

Mirathi inayofuata mila au Uislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Mingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Mahakama hutoa tangazo kabla ya kumteua msimamizi. Tangazo hilo hubandikwa ubaoni, na watu hawasomi mbao. Pita pale kila wiki. Ukiona jina la marehemu, weka pingamizi kwa maandishi, useme wewe ni nani na kwa nini anayeomba hafai au amekuruka. Pale pale unaweza kuthibitisha dhana ya ndoa. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali. Muulize karani kama imefika.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na wapo katika wilaya. Mashirika ya WLAC, TAWLA na LHRC husaidia watu wa aina hii kila siku. Nenda na bahasha yako.

Mashahidi wachague vizuri. Ndugu zako hakimu atawasikiliza, lakini anajua ni ndugu zako. Tafuta wasio na cha kupata: mwenye nyumba, mjumbe, muuguzi wa kliniki, katekista, mwalimu wa darasa. Kwenye shauri la shangazi sisi tulikuwa na mjumbe na mwenye nyumba wa zamani, na tuliona wanatosha mpaka kaka wa marehemu aliposimama akasema kwa utulivu kabisa kwamba shangazi alikuwa mpangaji. Mpangaji! Shangazi alicheka pale mahakamani, akaonywa.

Jioni ile mwenye duka la mtaani alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia. Alileta daftari la madeni, la jalada gumu, kurasa zake zimelowa mafuta ya taa pembeni. Kwa miaka 8 alikuwa akikopesha, na hakuwahi kuandika jina la shangazi, kwa sababu hakulijua. Tarehe kwa tarehe, aliandika "Mke wa Dereva": mchele kilo 2, sukari nusu, sabuni mche 1. Na chini ya kila mwisho wa mwezi, kwa mwandiko mwingine, mkubwa na wa haraka, marehemu alikuwa amesaini "nimelipa".

Hakimu alilifungua siku ya kusikilizwa, akasoma bila kusema kitu, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kisha akamwuliza mwenye duka huyo Mke wa Dereva ni nani na kama yumo humu ndani. Mzee akageuka, akamnyooshea shangazi kidole.